Saini ya Varvara

Kavala, 9 Oktoba 2024

Varvara,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani nina unga machoni. "Mpendwa mteja wa thamani, kampuni ya Tsakiroglou inamtakia Bwana Dimitris maisha marefu katika sikukuu ya jina lake, na inakukumbusha kuagiza maboksi ya keki mapema." Chini yake: Varvara, Idara ya Mauzo.

Maisha marefu. Mume wangu yuko chini ya marumaru tangu Juni, na wewe ulikuwepo. Ulinishika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwa mama yake. Supu ya samaki ya matanga uliinywa mezani kwangu.

Mwenzangu, tunaandikiana miaka kumi na minne sasa. Ile barua yako ya kwanza bado ninayo: "Bi Evanthia, Kavala ina akina Dimitris elfu moja na mia moja. Nusu yao watapokea wageni siku ya mtakatifu mwenye jina lao, na hakuna mgeni anayeenda mikono mitupu. Duka lako la keki linalisha sehemu ya nane ya mji. Maboksi uliyonayo yatakwisha kabla ya saa sita mchana." Nilicheka. Kisha nikaagiza, na ilipofika saa sita nilikuwa nimebakiwa na matano.

Sasa nauliza, tena hasira nimeibana kwa meno: huyu anayeandika siku hizi ni wewe? Na yule wa Aprili je, aliyetuhimiza tujaze maboksi kwa ajili ya Mtakatifu Yorgos wa tarehe 23? Pasaka mwaka huu ilikuwa Mei. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba Yorgos akiangukia ndani ya mfungo husogezwa baada ya Pasaka. Wenzangu wa Xanthi walicheka hadi wakakohoa. Mimi nilikuamini, na maboksi mia nne yamelala chini ya ngazi yangu.

Nijibu. Kama ni wewe, usinijibu.

Evanthia


Drama, 9 Oktoba 2024, jioni

Evanthia,

Siyo mimi. Tangu tarehe 12 Februari siyo mimi.

Siku hiyo Prodromos, bosi wetu, alinifukuza kwa barua pepe ya mistari miwili iliyoanza na "Mpendwa mfanyakazi". Miaka kumi na minne, na jina langu hakulitaja. Alikuwa amenunua programu inayoandika yenyewe, barua elfu moja kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Marehemu baba yake, mzee Lefteris, aliniokota kwenye mashine ya kukunja maboksi nikiwa na cheti cha shule ya msingi tu, akanikalisha kwenye dawati akasema, wewe unahesabu vizuri kuliko mhasibu wangu, hebu waandikie wateja. Sikuwa na mwalimu. Nilichukua kitabu cha simu nikahesabu majina, mji kwa mji.

Sikukwambia kwa aibu. Kwenye matanga ulinishika bega ukasema afadhali wewe una kazi yako ya kukushikilia, nami nikakubali kwa kichwa. Nilikuwa na miezi minne bila kazi.

Tangu Septemba mimi na binamu yangu tumepanga ghala la zamani la tumbaku, tuna mashine moja ya kukata kadibodi, na tunaweza kutoa maboksi elfu tatu kwa siku. Tunatoa sifuri. Karatasi niliyotia saini siku ya kuondoka inasema kwa miaka miwili nisiwaandikie wateja wa Tsakiroglou, nisiwapigie simu, nisiwatembelee. Maduka yote 218, Evanthia. Nayajua kama vidole vyangu na siruhusiwi kuyagusa. Wewe nakujibu kwa kuwa umeanza. Pasipo wateja arobaini kufikia Januari, mashine inarudi kwa aliyetuuzia.

Hilo ningelivumilia. Ila kwamba jina langu limeingia nyumbani kwako kumtakia Dimitris maisha marefu, hilo sitalivumilia. Nisamehe. Mkono haukuwa wangu, lakini jina ni langu.

Varvara


Drama, 10 Oktoba 2024

Bwana Prodromos,

Sifanyi kazi kwako tena, na barua zako bado zina saini yangu. Mojawapo imemtakia maisha marefu marehemu. Naomba jina langu liondolewe leo.

Varvara Mitka


Thesaloniki, 21 Oktoba 2024

Mpendwa Bi Varvara,

Asante kwa maoni yako, ambayo tunayathamini sana.

Baada ya kushauriana na wahusika, naomba nikufafanulie kwamba "Varvara" wa kwenye barua zetu si mtu fulani bali ni sauti ya kampuni. Sauti hiyo ilijengwa kwa muda na rasilimali za kampuni. Akina Varvara wako wengi nchini, na sidhani kama wote wataniandikia. Kuhusu mteja aliyefiwa, mfumo ulikuwa haujapewa taarifa, na sasa umepewa.

Nakukumbusha pia kwa nia njema masharti uliyoyakubali ulipoondoka.

Kila la heri katika shughuli zako,

Prodromos E. Tsakiroglou
Mkurugenzi Mtendaji


Thesaloniki, 11 Novemba 2024

Bi Varvara,

Naandika kwa njia isiyo rasmi, kama watu waliofahamiana tangu enzi za baba.

Sitazunguka. Wakati wako, kati ya barua mia moja tulizotuma, thelathini na nne zilijibiwa. Sasa ni tano, na mbili kati ya hizo ni matusi. Desemba iko mlangoni: sikukuu za majina ya akina Varvara, Savvas na Nikolaos, kisha Krismasi. Desemba ikianguka, mwaka mzima umeanguka.

Mpwa wangu anayeendesha mfumo anasema tatizo ni rangi za picha tunazoweka juu ya barua. Mimi nahisi kuna jambo jingine. Ulikuwa ukifanyaje? Sikuombi unifanyie kazi, nakuomba maneno mawili matatu, ya bure, kama mtu anavyomwelekeza jirani njia. Baba angefurahi.

Prodromos


Drama, 13 Novemba 2024

Bwana Prodromos,

Baba yako alikuwa na moyo mzuri kwangu, kwa hiyo nakujibu. Yote nitakayokwambia ni kweli, na ukitaka uyapime.

Ondoa picha. Muuza keki huamka saa tisa ya usiku, anaisoma barua yako saa nne na nusu asubuhi, tanuri likipoa, kwa simu yenye siagi kwenye kioo. Picha yako inamfunika maandishi na anaifuta kwa kidole gumba. Ipeleke Jumatatu saa hiyo, usiipeleke alfajiri.

"Mpendwa mteja wa thamani" ni sawa na kumwita mtu "wewe pale". Mwandikie kama unavyomwita ukisimama mlangoni kwake. Barua moja, jambo moja. Zako zina matano, na msomaji aliyepewa milango mitano huondoka kwa dirisha. Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu aliyesimama. Akikaa kabla hujamaliza, ni ndefu.

Kubwa kuliko yote: usianze na unachotaka kuuza. Mimi nilianza na hesabu yake yeye, idadi ya wageni watakaogonga mlango wake. Ila Desemba umechelewa kuhesabu, watu wameshaagiza kwa wengine. Umebakiwa na njia moja. Varvara wako ana sikukuu ya jina tarehe 4, na kwetu mwenye sikukuu ndiye anayekirimu, tena bila kualika. Mlango unakuwa wazi na anayependa anaingia. Basi barua isiuze kitu. Iwaambie waje Drama wakirimiwe. Mtu aliyekula kwako huuliza mwenyewe, "na maboksi vipi?"

Unasema Varvara ni sauti ya kampuni. Mwache aseme.

Varvara Mitka


Drama, 13 Novemba 2024

Evanthia,

Nimempa Prodromos masomo ya bure. Kabla hujanitukana, soma hadi mwisho.

Nimemshauri awaalike wateja wote Drama tarehe 4 Desemba, kwa jina langu. Kila nilichomwambia ni sahihi, na kwa mpango huo barua itafunguliwa kuliko zote alizowahi kutuma. Kuna jambo moja sikumwambia kwa sababu hakuuliza: Mtakatifu Varvara ndiye mlinzi wa mji wetu, na siku hiyo Drama nzima imefungwa, ofisi, shule, maghala. Ghala la Tsakiroglou limefungwa tarehe hiyo tangu mzee Lefteris alipolijenga. Mtoto wake amehamia Thesaloniki miaka sita sasa, na huko tarehe 4 ni siku ya kazi kama zote. Savvas, mtunza ghala, hawezi kumkumbusha maana hawasemezani tangu alipomkatia likizo.

Watafika, watakuta geti limefungwa. Nyumba yangu iko hatua mia mbili na kumi kutoka hapo.

Karatasi yangu inanizuia kuwaandikia, kuwapigia na kuwatembelea. Hainizuii kufungua mlango siku ya jina langu. Nitaloweka ngano ya kilo kumi na mbili kwa ule uji wetu mtamu wa sikukuu. Miaka mingine huja watu tisa.

Hata akiandika "njoo ghalani" badala ya "njoo Drama", bado watakuja. Akigundua kuhusu siku, nimekwisha, nitakuwa na ngano ya kilo kumi na mbili na mashine ya kurudisha.

Varvara


Kavala, 14 Novemba 2024

Shoga,

Nilikwisha anza kukutukana ukurasa wa kwanza, nikafuta.

Unaniogopesha kidogo, na hilo nakwambia kwa upendo. Dimitris alikuwa akisema Varvara akikukasirikia hapigi kelele, anachukua kalamu na kuanza kutoa na kujumlisha.

Geti lina haja ya kibao, watu wasipotee. Usikibandike wewe, usije ukaambiwa umewaandikia. Nitakibandika mimi. Mimi sikutia saini karatasi ya mtu.

Evanthia


Thesaloniki, 2 Desemba 2024

Bi Varvara,

Lazima nikiri. Imeondoka leo saa nne na nusu kamili, bila picha. Nimeiandika mwenyewe, mpwa wangu nimemwambia akae pembeni. Naiweka hapa, kwa kuwa nadhani utaipenda:

"Habari ya tanuri. Jumatano tarehe 4 ni sikukuu ya jina langu. Mwaka huu sikuuzii kitu. Njoo Drama nikukirimu, kuanzia saa nne asubuhi. Mlango uko wazi kama unavyokuwa siku zote. Varvara."

Hadi saa hizi maduka 183 kati ya 218 yameifungua. Yaliyojibu "nitakuja" ni 70! Mpwa wangu alidhani mashine imeharibika.

Nitakuja mwenyewe na masinia mawili ya vitamutamu, nifike yapata saa saba. Wafanyakazi wa ghala sijawaambia, watafungua geti kama kila siku, nataka iwe ya kushtukiza. Ukipenda kupita kusalimia, hutafukuzwa.

Prodromos


Thesaloniki, 5 Desemba 2024

Bi Varvara,

Nilisimama mbele ya geti langu mwenyewe dakika ishirini na tano nikiwa na masinia mawili, huku mji mzima ukipita na bendi na sanamu ya mtakatifu. Mzee mmoja aliniuliza kama nimetoka ng'ambo. Getini kulikuwa na kibao: "Varvara yuko mtaa wa pili kushoto, namba 11. Ingieni bila kugonga."

Ulijua. Uliniandikia kurasa mbili za ushauri na ulijua.

Umevunja masharti uliyotia saini. Umewarubuni wateja wa kampuni. Mwanasheria wangu atakuandikia, na barua yake haitakuwa na mambo ya wageni na uji.

P. E. Tsakiroglou


Drama, 6 Desemba 2024

Bwana Prodromos,

Mpe mwanasheria hesabu hii, itampunguzia kazi.

Barua nilizowaandikia wateja wako: sifuri. Aliyewaandikia ni wewe, na nakala uliniletea mwenyewe. Simu nilizowapigia: sifuri. Niliowatembelea: hakuna. Walionitembelea: 63. Wa kwanza alikuwa fundi wa keki kutoka Serres, saa nne kasoro robo, na mkewe na boksi la keki za kilo mbili. Alisema amesoma barua yangu akafurahi kwamba nimepona. "Kupona nini?" nikamuuliza. Alisema yeye na wenzake wamekuwa wakiambiana tangu Machi kwamba Varvara lazima ni mgonjwa, maana mtu mzima haandiki vile.

Nikawaeleza wote, mmoja mmoja, bakuli mkononi, lini nilifukuzwa na kwa maneno gani. Sikuongeza chumvi. Bi Evanthia alisimama akasoma kwa sauti ile barua iliyomtakia mumewe maisha marefu, kisha akakaa, na hakuna aliyejua pa kuweka kijiko. Baada ya hapo waliuliza wenyewe, "na maboksi vipi?" Maduka 41 yataanza na mimi Januari. Nilihitaji arobaini.

Masinia uliyoyaacha kwenye ngazi za geti Savvas aliyaleta kwangu yasiliwe na paka. Ni matamu. Maboksi yake ni ya mshindani wako wa Thesaloniki, nimeona muhuri chini.

Savvas ananiambia pia kwamba uliiona nyumba. Gari lako lilikaa kwenye kona ya mtaa hadi karibu saa nane. Mlango ulikuwa wazi, Bwana Prodromos. Ungeingia, ningekupa bakuli kama mtu yeyote. Hiyo ndiyo desturi, nami ningeifuata, hata kwa meno yaliyofungwa.

Kesho ukiwaandikia, weka jina lako mwenyewe chini. Ukiweka langu, wote 63 wanajua sasa pa kuja kuuliza.

Varvara Mitka


Thesaloniki, 23 Januari 2025

Varvara,

Jina lako nimeliondoa. Programu nimeizima, na mpwa wangu amerudi Stuttgart.

Mwanasheria aliisoma barua yako akaniambia nisipoteze hela.

Siku ile kwenye kona nilikuona dirishani ukimmiminia uji yule mzee wa Serres aliyekuwa rafiki wa baba. Nilitaka kuteremka. Mkono ulikuwa kwenye mlango wa gari. Nilifikiri nitasema nini, na kila sentensi iliyonijia ilianza na "mpendwa". Nikaondoka.

Mwisho wa mwezi wa pili nitalazimika kufunga ghala la Drama. Lina watu wanne, na Savvas alikuwepo kabla sijazaliwa. Nakosa usingizi kwa ajili ya hilo, siyo kwa ajili ya mwaka mbaya.

Nilikukosea Februari. Sikukuandikia hata barua ile ya mistari miwili, mashine iliandika, mimi nilibonyeza. Rudi. Siyo kama mfanyakazi. Tugawane, nusu kwa nusu, ghala, mashine na wateja. Sitakuuliza jambo jingine.

Prodromos


Drama, 24 Januari 2025

Prodromos,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya binamu yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na rundo la kadibodi. Hakukaa hadi nilipomaliza.

Ni barua nzuri. Haina picha. Ina jambo moja. Haianzi na unachotaka, inaanza na ulichokifanya, na ombi limekuja mwisho mahali pake. Jina lililoko chini ni la aliyeandika. Katika miaka kumi na minne sikuwahi kuandika iliyo bora kuliko hii, na nilipofika pale kwenye mkono na mlango wa gari niliiweka chini nikatoka nje kidogo.

Kuhusu wale wanne, usikose usingizi. Walikuja wenyewe juzi, Savvas mbele, na wanaanza kwangu tarehe 3 Februari. Hilo nalo sikuwaandikia.

Ungenipelekea barua kama hii tarehe 12 Februari mwaka jana, hata kama ni ya kunifukuza, ningekusanya vitu vyangu, nikakuachia mezani kile kitabu cha simu nilichohesabia majina, na leo ungekuwa na maduka yako yote 218.

Jibu ni hapana.

Varvara Mitka